Mashine Mbili

Shule zilikuwa zimefungwa, na zamani likizo ndiyo iliyokuwa neema ya Refa. Saa nne asubuhi aliwasha televisheni zake zote nne, akapangusa pedi za kuchezea kwa kitambaa chenye unyevu, akasimama mlangoni mwa chumba chake cha gemu, mikono nyuma. Vijana walikuja. Walikuwa kumi na mmoja. Waliketi bega kwa bega kwenye kibaraza chake, kivulini, kisha kila mmoja akatoa simu mfukoni. Hakuna aliyevuka kizingiti.

"Shikamoo, Refa," walisema bila kuinua vichwa.

"Marahaba. Ingieni basi. Leo mchezo wa kwanza bure."

"Tunaingia, Refa. Ngoja tumalize hii."

Hiyo "hii" haikuwa na mwisho. Ikiisha moja ilianza nyingine. Mpira ulikuwa uleule, na wachezaji walewale waliomo ndani ya mashine zake, ila hapa walikuwa wadogo kama sisimizi, wakikimbia juu ya vioo vyenye nyufa.

"Refa, mbona waifai yako leo inajikongoja?" aliuliza kijana mmoja mfupi waliyemwita Nusu. "Umebadilisha kitu?"

Refa alichungulia ndani. Waifai hiyo aliivuta kwa ajili ya mashine mpya, ya nne kutoka mlangoni, iliyokuwa bado na nailoni yake usoni. Mashine hiyo ilikuwa na wiki mbili, na mpaka leo hakuna mteja aliyekuwa ameigusa. Muuzaji wa mjini alimhakikishia kwamba vijana wamekimbia kwa sababu mashine zake zimezeeka. Akileta mpya, watarudi mbio. Hakumwambia kwamba mashine mpya haifungui mchezo mpaka kwanza ijipakulie mambo yake mtandaoni.

Nusu alimwonea huruma. Alijipangusa suruali, akaingia, akakaa kwenye kiti cha plastiki na kuishika pedi mpya kwa adabu, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga ambebe. Kwenye kioo kikatokea kimstari: asilimia nne.

"Inajiandaa tu," Refa alisema. "Dakika mbili."

Asilimia sita. Refa alitoka nje. "Jamani, tokeni kwenye waifai kidogo, mashine inapakua."

"Refa, tuko nusu fainali!"

Aliporudi ndani alimkuta Nusu ameiweka pedi mapajani na kutoa simu yake kupitisha muda. Kimstari kilipofika thelathini na moja, kijana alikuwa amekwisha kucheza mechi mbili nzima kiganjani. Aliinuka, akairudisha pedi mahali pake, akashukuru. "Siku nyingine, Refa. Ikishaiva uniite."

Mara ugomvi ukazuka kibarazani. Mmoja alidai mtandao ulimkatikia akiwa anaongoza, mwenzake akadai amezima makusudi. "Refa! Njoo uamue!"

Hicho ndicho kilichobaki cha jina lake. Zamani aliendesha mashindano ndani ya chumba hiki, filimbi shingoni, na akisema si goli, hata mtu mwenye ndevu alinyamaza. Sasa aliinama juu ya simu ya mtoto wa watu, macho kayakunja, akitafuta nani kaonewa. "Mnaanza upya," alisema. "Mtandao ukikatika, mechi hiyo haihesabiwi."

Waliitikia bila ubishi. Walimtii kwa kila jambo, isipokuwa kuingia ndani.

Alipoinua kichwa alimwona mkewe akija na begi mkononi, siku nne kabla ya siku aliyosema angerudi. Kwanza aligeuka kuitazama ile mashine mpya.

*

Mtaani walimwita Mama Sare, kwa kuwa ndiye aliyeshona sare za shule za nusu ya watoto wa pale. Alikuwa amekaa wiki tatu kwa dada yake aliyejifungua mapacha. Alipofika kibarazani aliwasalimu vijana mmoja mmoja, akimkumbuka kila mtu kwa kipimo chake. "Wewe, ile suruali imeshakuwa fupi tena? Mwambie mama yako nimerudi."

Refa alimpokea begi, akatangulia mbele kwa hatua fupifupi. "Karibu, mke wangu. Kaa hapa barazani upate upepo. Nikuwekee chai?"

"Tangu lini unaweka chai?" Mama Sare alicheka, akampita. Ndani ya chumba cha gemu kicheko kikapungua. "Hii mashine ya nani?"

"Yetu. Nitakueleza. Kaa kwanza."

Hakukaa. Chumba cha nyuma kilikuwa na dirisha moja, na chini ya dirisha hilo ndipo alipoifungia cherehani yake ya umeme. Alikuta bolti nne zimechomoza sakafuni, katikati yake mraba wa saruji safi ambao haukuwa umekanyagwa kwa miaka. Mashati sitini aliyokuwa ameyakata kabla ya kuondoka yalikuwa palepale juu ya sanduku, mafungu mafungu, mikono huku, kola huku.

"Cherehani yangu iko wapi?"

"Nimeipeleka kwa fundi. Ilikuwa inakata uzi."

"Fundi gani? Ile cherehani naifungua mwenyewe na kuifunga mwenyewe."

"Kuna mmoja mpya, kule chini..."

"Baba watoto, niangalie."

Refa alitazama dirisha. Nje kijana mmoja alifunga goli na wenzake wakapiga kelele.

"Nimeiuza," alisema. "Nilitaka kukushtukiza kwa jema. Likizo hii mashine mpya ingejirudishia, halafu nikununulie cherehani nyingine, mpya kabisa, kabla hujarudi wala hujajua. Nilipiga hesabu vizuri, mke wangu. Tatizo ni vijana."

Mama Sare alikaa juu ya sanduku, pembeni ya mashati yake, kwa uangalifu asiyakunje. "Uliuza ya kwangu," alisema polepole, "ukanunua ya kwako."

"Ya kwetu."

"Hizo nne hapo mbele, umewahi kuniambia ni za kwetu? Mimi nimewahi kuuza pedi moja nikanunua uzi?"

Binti yao wa pekee, mwenye miaka kumi na saba, alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji. Mama yake alimgeukia. "Na wewe ulikuwepo?"

"Nilirudi nikakuta wanaibeba, mama. Nikamuuliza baba. Akasema mmekubaliana kwenye simu."

Hapo ndipo Mama Sare alipofunika uso kwa viganja. Hakulia. Alikuwa anahesabu siku. Shule zingefunguliwa baada ya siku kumi na mbili, na mwalimu mkuu alikuwa amempa kazi ile baada ya miaka mitatu ya kumwomba. Mashati sitini yakitoka vizuri, angepewa ya shule nzima. Yasipotoka, kuna mafundi wengi.

*

Kesho yake walikwenda mjini wote wawili. Refa alikuwa ameirudisha mashine kwenye boksi lake, na nailoni yake, na vikaratasi vyake vyote, kana kwamba haijawahi kuwashwa. Muuzaji aliwakaribisha vizuri mno. Alifungua boksi, akaangalia, akalifunga tena.

"Hii imeshatumika, kaka. Mimi nitakupa theluthi ya bei."

"Theluthi! Haina hata mwezi!"

"Hata ingekuwa na siku moja. Ikishatoka dukani ni mtumba."

"Uliniambia watarudi," Refa alisema, sauti ikimpanda. "Ulisimama hapohapo ukaniambia, lete mpya, watarudi mbio."

"Nilikuwa nauza, kaka yangu. Ulitaka nikuambie usinunue?" Muuzaji aliegemea kaunta. Hakuwa mtu mbaya, na pengine ndiyo maana aliendelea kusema. "Stoo ninazo nyingine nne. Zamani likizo kama hii zisingelala. Siku hizi mtu anaingia, anazitazama, anauliza bei, kisha ananunua kava la simu. Wenye viwanda wenyewe wameshtuka, michezo yao wanaiweka kwenye simu. Kama mwenye kiwanda anahama, sisi wauzaji tubaki na nani?"

Nyuma ya kaunta, mtoto wake mdogo alikuwa amekaa chini na kishikwambi, akiendesha gari kwa kukiinamisha huku na huku, mwili mzima ukifuata kona. Baba alikuwa na mashine mpya nne stoo na mtoto hakuwa na habari nazo.

"Hiyo theluthi inanunua cherehani?" aliuliza Mama Sare. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu waingie.

"Ya kuzungusha kwa mkono, labda, mama."

Walirudi kwa miguu, wakilibeba boksi kwa zamu. Watu waliwapisha njiani na kutabasamu, kwa kuwa mume na mke wenye boksi jipya la rangi huonekana wameamkia kheri. Walipokaribia nyumbani Mama Sare aliuliza, "Ulimuuzia nani?"

"Bi Mkasi," alisema Refa, na kwa mara ya kwanza akashukuru kwamba boksi lilimfunika uso.

*

Bi Mkasi alikuwa na duka la ushonaji lenye cherehani sita kwenye mstari mmoja, feni darini, na kioo kirefu cha wateja kujitazama. Mama Sare aliijua yake kabla hajaingia vizuri. Ilikuwa ya tatu, imefunikwa kitambaa cha maua, na pembeni mwa meza yake kulikuwa bado na alama ya pasi aliyoiacha mwenyewe siku moja umeme uliporudi ghafla.

"Karibu, mwenzangu!" Bi Mkasi aliinuka kumpokea, akamshika mkono, akamwongoza mpaka kwenye kiti kama mgonjwa. "Pole sana. Tulisikitika wote hapa. Macho yanaendeleaje?"

"Macho gani?"

Bi Mkasi aliwatazama mafundi wake, kisha akashusha sauti. "Mumeo alituambia. Kwamba daktari amekukataza kushona. Kwamba hata tundu la sindano hulioni tena. La sivyo ningenunua cherehani ya mwenzangu wa kazi? Ningeanzia wapi?"

Mama Sare aligeukia mstari wa cherehani. Wanawake wanne waliinamia kazi zao, wakijitia hawasikii. Angeweza kusema, mume wangu ni mwongo. Lakini hayo ni maneno ambayo mke akishayatoa mbele ya watu hayarudi, naye angelala kwenye nyumba ileile usiku huo.

"Macho yangu hayana neno," alisema. "Ninaomba uniuzie cherehani yangu. Nipe muda."

"Nisingekunyima. Lakini nimeshachukua kazi kwa ajili yake." Bi Mkasi alifikiri, akijigongagonga kidevu kwa rula. Alikuwa mwanamke wa haki, haki ya dukani. "Kiti chake hakina mtu. Lete mashati yako ushonee hapa. Malipo ya mashati sitini tugawane nusu kwa nusu. Umeme wangu, uzi wangu, paa langu. Tukielewana, likizo ikiisha ubaki."

"Na lebo?"

Kwenye kola ya kila shati Mama Sare alizoea kushona kijilebo chekundu chenye jina lake. Alikuwa nacho kisanduku kizima.

"Kazi ikitoka hapa inatoka na lebo ya hapa," Bi Mkasi alisema kwa upole. "Ndiyo kawaida, mwenzangu."

Mama Sare aliinuka, akaenda kwenye cherehani ya tatu, akaondoa kitambaa cha maua. Mtu alikuwa ameinua kiti chake zaidi. Alikishusha.

*

Jioni ile alimrudia mumewe na swali moja tu: "Nini kilikutuma useme mimi ni kipofu?"

"Asingeinunua," Refa alijibu. Jibu lilikuwa la kweli, na ndilo lililomwuma zaidi mkewe. Tangu hapo waliongea kuhusu maji, chumvi na ufunguo wa mlango, basi.

Siku ya tatu mwanamume mmoja alivuka barabara kutoka duka jipya la simu lililokuwa mkabala na chumba cha gemu. Alikuwa meneja wa duka hilo, hata miaka thelathini hajafika, shati la rangi ya chungwa, kitambulisho kifuani.

"Mzee Refa, shikamoo."

Refa alikuwa na miaka arobaini na mitatu. "Marahaba," alisema.

"Jumamosi tunafanya mashindano hapa nje. Mpira kwenye simu, mshindi anaondoka na kishikwambi kipya. Vijana wote wanasema bila wewe hakuna mwamuzi. Tutakulipa siku nzima. Na kama hutajali, tutaazima televisheni zako mbili, tuunganishe simu watu waone kwa ukubwa."

"Televisheni zina mashine zake."

"Tutachomoa waya tu, mzee. Hatuharibu."

Refa alifungua kinywa kumfukuza. Binti yake alimwahi kutoka ndani. "Atakuja," alisema. "Na mimi niandike."

"Jina?"

"Gumba."

Meneja alicheka kwa furaha. "Kumbe ndiye wewe! Vijana wananiimbia Gumba, Gumba!"

Refa alimkodolea macho mwanawe. Jina hilo alilisikia kibarazani kwa miezi, la mchezaji ambaye kidole gumba chake hakionekani kwa kasi, na siku zote alidhani ni mvulana wa mtaa wa pili. Meneja alipoondoka alimgeukia. "Ndani ya nyumba yangu! Nina mashine nne, na wewe unacheza kwenye kile kisimu kilichopasuka alichokupa mjomba wako usomee?"

"Mashine zako ni za wateja, baba. Uliniambia nisiziguse, nitachakaza pedi." Alisema bila ukali. "Nimeuliza bei ya kile kishikwambi. Tukikiuza, na ile theluthi ya muuzaji wa mjini, inapatikana cherehani ya umeme. Si mpya, lakini ya umeme. Wewe chezesha. Mimi nitacheza."

*

Jumamosi walimvika shati la rangi ya chungwa. Lilimbana tumboni, na mgongoni liliandikwa "Kila Kitu Kiganjani". Televisheni zake mbili zilitolewa nje chini ya turubai. Fundi wa duka la simu alichomoa waya wa mashine mpya, akachomeka wake, na uwanja mkubwa wa kijani ukawaka kutoka kwenye simu isiyozidi kiganja. Umati ulishangilia. Refa hakukumbuka kama mashine ile iliwahi kushangiliwa.

Lakini walipomkabidhi kipaza sauti, kitu fulani kilimrudia. Aliita majina, akatania, akapuliza filimbi, na watu wazima walisimama njiani kumsikiliza. Wachezaji thelathini na wawili wakawa kumi na sita, wakawa wanane, wakawa wanne, wakawa wawili: Nusu na Gumba.

Mama Sare alifika wakati huo, saa ya mapumziko ya mchana, nyuzi nyeupe zimemnasa mabegani. Alisimama nyuma ya watu. Binti yake alikuwa amemweleza mpango wote, naye hakusema ndiyo wala hapana, lakini alikuwa ameacha chakula ili aje.

Mbili kwa mbili. Zilibaki dakika mbili. Nusu alikuwa akishuka na mpira upande wa kulia, hakuna wa kumkaba, na ghafla mchezaji wake akaganda mguu mmoja hewani. Kwenye simu yake kiduara kilianza kuzunguka.

"Mtandao!" Nusu alipiga kelele, akaitikisa simu kama chupa ya dawa. "Refa, mtandao!"

Karatasi ya kanuni ilikuwa mezani, imetoka duka la simu, na kanuni ya sita ilikuwa wazi: mchezaji atakayekatika amepoteza. Wengine walipaza sauti, "Kanuni ni kanuni!" Wengine, "Ni mwanawe huyo, atambeba!" Meneja alitazama saa, akamnong'oneza, "Mpe binti, mzee, tumalize. Karatasi inakulinda."

Refa alimtazama binti yake. Hakumwomba kitu, aliangalia simu yake tu, kidole gumba kimesimama juu ya kioo kilichopasuka. Nyuma ya vichwa vya watu alimwona mkewe. Kishikwambi kilikuwa mezani ndani ya boksi jeupe, na ndani ya boksi hilo Refa aliona cherehani ya umeme kama anavyoona mkono wake. Kusema ndiyo tu kulitosha, na hakuna ambaye angeweza kumwita mwizi.

Alipuliza filimbi. "Mechi inaanza upya."

Ikaanza upya. Nusu alifunga goli dakika ya mwisho kabisa, goli zuri, na vijana walimbeba juujuu. Kisha wakamgeukia Refa, wakamshika mikono, wakaimba: "Refa wa kweli! Refa wa kweli!" Kwa kitambo kile, ndani ya shati la kubana, alijiona mtu.

Alipotafuta tena nyuma ya umati, mkewe alikuwa amekwisha kurudi kazini.

*

Usiku ule walikula pamoja. Binti alipomaliza alisema tu, "Nimefungwa, mama. Sikuonewa," akachukua sahani akatoka nazo.

"Usinilaumu kwa hilo," Refa alianza. "Mtandao si kosa la yule kijana. Haikuwa haki."

"Haikuwa haki," Mama Sare alikubali. "Umefanya vizuri. Ningekuwa mama yake Nusu ningekuletea zawadi."

Refa alisubiri.

"Umemtendea haki mtoto wa watu mbele ya mtaa mzima, na ilikugharimu. Kwa hiyo unajua namna ya kufanya. Hilo ndilo linaloniumiza. Nilipokuwa kwa dada yangu, mechi yangu mimi ilisimamishwa na nani? Nani aliniulizia?" Hakupandisha sauti. "Cherehani imekwenda. Sitakudai, maana huna. Nataka kitu kimoja. Uende kwa Bi Mkasi useme kwa kinywa chako kwamba macho yangu ni mazima. Mwalimu mkuu alikuja jana kukagua. Alinyanyua shati dirishani akalitazama mshono kwa mshono, halafu akaniuliza, una uhakika unaona, mama?"

"Meneja ananitaka kila siku sasa, si Jumamosi tu," Refa alisema. "Kusimama mlangoni na kuita watu. Ninaingia saa mbili na nusu."

"Bi Mkasi anafungua saa mbili."

Jumatatu alikwenda. Alikuwa ameshavaa lile shati la rangi ya chungwa, maana hapakuwa na muda wa kurudi kulibadili. Dukani mlikuwa na wateja wawili mbele ya kioo, mafundi watano kwenye cherehani, na Bi Mkasi mlangoni na rula yake. Mama Sare alikuwa wa tatu kwenye mstari, akiunga kola. Hakugeuka. Karibu yake palikuwa na rundo la mashati yaliyokamilika, kila moja na lebo ya bluu ya Bi Mkasi shingoni.

Refa alikwenda mpaka kwenye cherehani ya mkewe, kati ya meza yake na dirisha, akawageukia watu.

"Jamani," alisema. "Nilisema hapa kwamba mke wangu haoni. Nilisema uongo. Macho yake ni mazima."

Cherehani zilisimama, moja baada ya nyingine. Mmoja wa wateja alimtazama kupitia kwenye kioo, akalikagua lile shati la rangi ya chungwa lililombana tumboni.

"Cherehani hii niliiuza bila yeye kujua," Refa aliongeza. Hilo hakuwa ametumwa kulisema, na lilimtoka kwa taabu. "Hakuniruhusu. Sikumuuliza."

Bi Mkasi alikohoa. "Sisi kazi yake tumeiona, baba. Hakuna mwenye shaka tena."

Fundi wa mwisho kwenye mstari alicheka kidogo, akajizuia. Refa alibaki amesimama. Alidhani kutakuwa na kitu baada ya hapo, neno, au machozi, au hata tusi. Alikuwa amejiandaa kwa lolote. Mguu wa Mama Sare ulikuwa umetulia juu ya kanyagio. Kisha aliinua kichwa, akamtazama moja kwa moja, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

"Sogea kidogo," alisema. "Unanizibia mwanga."

Refa alisogea. Mwanga wa dirisha ukaangukia kola nyeupe, na sindano ikaanza kukimbia.